Kisiwa Walichoachiwa Waholanzi

Darasa la baba lilinuka makonyo, vile vijiti vya karafuu. Msimu wa karafuu sisi watoto tulichambua tangu alfajiri, na tulipoingia skuli vidole vilikuwa vyeusi na vya kunata, na kila tulichokishika, daftari, dawati, hata ramani ya ukutani, kilibaki na ile harufu kali inayowasha pua. Baba yangu alikuwa mwalimu wa tarikhi katika skuli yetu ya Wambaa, Pemba, nami nilikuwa mwanafunzi wake, msichana wa darasa la nne, nikitakiwa kumwita "Mwalimu" mpaka kengele ya mwisho. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akishika chaki ulimi humlainika. Na hakuna alichokipenda kukisomesha kama habari za Japani ya zamani. Nadhani ni kwa sababu Wareno walifika kule kama walivyofika kwetu. "Sisi wametuachia mchezo wa ng'ombe," alikuwa akisema, "wenzetu waliwaachia bunduki." Darasa zima lilicheka, maana hapakuwa na mtoto ambaye hajawahi kukimbizwa na ng'ombe wa mchezo akaparamia mti.

Alituhadithia jinsi mabwana wa Japani, kila mmoja na ardhi yake na watu wake wa panga, walivyopigana miaka na miaka mpaka mmoja akawaweka wote chini ya amri yake. Waliomrithi wakaingiwa na hofu. Mapadri waliokuja na Wareno walikuwa wanawavuta watu kwenye dini yao, na mtu aliyeshika dini ya mgeni, wakubwa wakajiuliza, atamtii nani? Basi wakawafukuza Wareno na kuifunga nchi. Mjapani asitoke, na aliyekwisha kutoka asirudi, akirudi, auawe. Katika Wazungu wote waliachwa Waholanzi tu, nao wakapewa kisiwa kidogo kilichojengwa kwa mikono katika bandari ya Nagasaki, chenye daraja moja lenye walinzi. Nilinyoosha mkono nikauliza, "Mwalimu, na wale waliokuwa nje, mama zao hawakuwalilia?" Baba alifuta ubao polepole. "Waliwalilia," akasema. "Lakini amri ni amri."

Zilikuwa zama za siasa. Aliyeishi Pemba miaka ile kabla ya uhuru hahitaji kuelezwa, na asiyeishi hatasadiki. Watu waliochangia kisima waliacha kuchangia kisima. Duka la huyu halikuingiwa na wa chama kile, na harusi zilivunjika kwa sababu ya kura. Dada yangu mkubwa, Raya, alikuwa ameolewa Shumba, huko kaskazini, na mvuvi mmoja mpole aitwaye Faki, mkwe ambaye baba alimkubali mwenyewe kwa furaha. Ikaja habari kwamba Faki amekihama chama cha baba, ameingia chama cha pili. Baba akaapa barazani, mbele ya watu, kwamba Raya asitie mguu Wambaa mpaka mumewe arudi chamani. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini baba alikuwa ameapa hadharani, na kwake kiapo cha hadharani kilikuwa kizito kuliko mwana.

Mama hakugombana naye. Alianza tu kukonda. Homa ilimshika mwanzo wa mvua za vuli na haikumwachia, na kila nilipompelekea uji aliniuliza kama kuna gari limefika kutoka kaskazini. Siku moja nilimsikia akimwambia baba, "Nataka kumuona Raya, basi." Baba akajibu, "Amwache mumewe, mlango uko wazi." Mama akageukia ukutani. Nilimchukia baba siku ile, chuki ya mtoto, isiyojua pa kwenda.

Mama alifariki asubuhi. Kwetu mtu akifa, kabla jembe halijagusa ardhi hutumwa vijana kila upande kupeleka habari, na maiti husubiri walio karibu. Na mama huoshwa na binti yake akiwepo binti mtu mzima; ni haki yake, tena ni heshima ya mwisho. Baba alitaja miji: Mkoani, Chake, Kengeja. Shangazi yangu, Bi Mize, dada yake baba, akangoja amalize.

"Na Shumba kenda nani?"

"Hendi mtu."

"Kaka, huyu mwanamke kazaa! Aoshwe na nani?"

"Watu wapo," akasema baba.

Raya alipata habari sokoni, kwa wachuuzi wa samaki. Alifika siku ya tatu, tumekaa majamvini kwa hitima, mtoto yuko kiunoni. Alisimama nje ya kizingiti akamwamkia baba, "Shikamoo," na baba, kwa mazoea tu, akasema marahaba. Raya naye alikuwa amepita darasa la baba kabla yangu. Hakupaza sauti. "Baba, wewe ndiye uliyenisomesha. Wajapani na ukali wao wote walimwachia Mholanzi kisiwa. Mimi hukuniachia hata maji ya kumwosha mama yangu." Akaondoka bila kunywa hata kikombe cha maji. Bi Mize alimkimbilia mpaka barabarani, akarudi peke yake. Mwaka uliofuata, darasa la nne jipya lilipofika mlango wa Japani kitabuni, baba aliuruka.

Miaka mingi baadaye, baba alipokuwa hajiwezi, Raya alikuja akakaa naye, akamtilia uji mdomoni mpaka siku yake ya mwisho. Habari ile hawakuigusa, nami sijawahi kumuuliza kama alisamehe. Leo wajukuu zetu wanaoana bila kuulizana vyama, ingawa uchaguzi ukikaribia nasikia barazani sauti ninazozijua, na moyo hunishuka. Vijana wananiambia, "Bibi, siku hizi habari ya msiba inafika Shumba kabla maji hayajachotwa, simu zipo." Ni kweli. Lakini siku ile kilichokosekana si simu. Gari la kaskazini lilipita kila asubuhi, na kijana wa kutumwa alikuwa amesimama uani, kanzu ameikunja kiunoni, akingoja kuambiwa nenda.