Maji ya Pisini ya Georgette

Mwenye kamyo ya maji alisimama ukingoni mwa pisini, bwawa la kuogelea lililokauka, akatazama chini kwenye majani makavu na mijusi, akapiga mluzi.

"Papa Israël, shimo hii iko kubwa. Kamyo moja itailowesha tu. Inaomba tano, ama sita."

Kisha akataja bei. Papa Israël akamwomba arudie, maana alidhani masikio yake yamezeeka ghafla. Wapi! Hayakuwa yamezeeka. Bei ile ilimeza pansheni yake ya mwaka mzima na bado ilikuwa na njaa.

"Bon, nitakuita," akasema, kwa adabu ya mtu ambaye hataita.

Lakini maji aliyahitaji kweli. Binti yake wa pekee, Sandrine, alikuwa anakuja kutoka Kinshasa na mtoto wake Jemima kwa likizo ya mwezi wa nane. Kwenye simu mtoto huyo alikuwa haulizi babu yake kitu kingine: "Koko, pisini iko na maji?" Na Papa Israël, mdomo huo! akajibu, "Iko." Alijibu hivyo kwa sababu mkewe Georgette, kabla ya kufa, aliomba jambo moja tu: mjukuu wao ajifunze kuogelea hapa nyumbani. Miaka mitatu sasa tangu wamzike, na tangu wamzike pisini ilikuwa kavu.

Nyumba yenyewe waliipata wakati wa vita, wenye mali walipokuwa wanakimbia mtaa huu wa Makiso na kuuza kwa bei ya hofu. Watu waliwacheka mpaka wakachoka. Fundi wa injini za mashua, tena mtu wa Pangi kule Maniema, leo ana pisini! Ataijaza na mate? Georgette hakuwajibu. Alikuwa mzaliwa wa Isangi, kando ya mto, na watu wa Isangi maji hayawatishi. Akatazama mabati ya nyumba yake, akatazama mabati ya majirani, na haukupita muda mrefu mifereji ya bati ikawa imetoka kwenye mapaa ya nyumba tano, imepita juu ya kuta, imeshuka yote pisinini.

Ee, mvua za siku zile! Ilikuwa ikinyesha, avenue nzima inanguruma, na Georgette yuko uani na kitambaa chake kichwani anapiga kelele: "Geuza mufereji kwanza, iache ioshe vumbi! Haya, sasa rudisha!" Jumapili watoto wa jirani walijaa mle, wanapiga mbizi, wanakunywa nusu ya maji na kukojoa nusu nyingine, Mungu awasamehe. Papa Israël alikaa barazani na redio yake, amejaa raha, anajisifu moyoni kwamba ameoa mwanamke anayejua kupata maji ya bure. Siku hizo alizitamani mpaka kifua kilimuuma.

Sasa mifereji haikuwepo. Majirani waliishusha mmoja mmoja baada ya mazishi, naye hakuuliza kwa nini. Ndiyo maana asubuhi iliyofuata aliingia kwa Mama Fanny, jirani wa ukuta mmoja, akamkuta anachambua majani ya sombe. Akasalimu, akaeleza shida yake, akamalizia kwa kusema kwamba mabati ni yale yale na mvua ni ya Mungu, donc hakuna mtu atakayepoteza kitu.

Mama Fanny hakuinua macho. "Papa Israël, toka mume wangu Alexis alikufa, weye ulifikaka hapa siku gani?"

Mzee akajitetea. "Nilituma enveloppe ya rambirambi, Mama Fanny."

"Enveloppe ilifika, merci. Lakini enveloppe inajua kulia?" Akaweka sombe chini. "Unafikiri Georgette alikuja hapa kuomba mabati tu, na siye tukamupa? Siku ya kuzaa mutoto wangu wa kwanza, yee ndiye alinibeba kwenye baiskeli ya toleka mpaka maternité, ananishika mugongo. Mama yangu alipokufa, yee ndiye alimuosha. Kila nyumba ya avenue hii, kama kuko mugonjwa ao kilio, Georgette iko ndani. Maji ile haikukuwa ya bure hata siku moja. Alikuwa analipa. Weye ulikuwa unasikiliza redio."

Lo! Mzee wa watu alikaa pale ameloa jasho. Angeweza kukasirika na kuondoka. Mguu mmoja ulikuwa umeshaanza. Lakini alibaki, akavuta kigoda, akaanza kuchambua sombe, vibaya, anaacha vijiti ndani. Kesho yake alirudi. Wakaongea juu ya Alexis, jinsi alivyokuwa anaiba karata mchana kweupe na kuapa kwa jina la mama yake. Mama Fanny alicheka mpaka akalia, kisha akapangusa macho na ncha ya kikwembe.

"Mifereji iko nyuma ya jikoni," akasema. "Panda mwenyewe. Miye sina tena mume wa kupanda."

Nyumba ya pili ilikuwa ya Papa Arsène, mfanyabiashara, mtu wa haraka, ambaye alianza kutikisa kichwa kabla ombi halijaisha. Ila nyuma ya pazia mama yake mzazi alikuwa amelala, mgonjwa, na sauti yake ilipita pale ikiuliza kwa Kilega ni nani amekuja. Papa Israël akamjibu kwa Kilega, lugha ya kwao Pangi. Alaa! Bibi akataka kujua kijiji, akataka kujua ukoo, akaomba aketi. Tangu siku hiyo alikwenda kila alasiri, wanataja mito na watu waliokwishakufa, na Arsène mwenyewe akaleta ngazi.

Pamoja na yake mwenyewe, mabati ya nyumba tatu yalipatikana, si tano. Mvua mbili kubwa zilishuka wiki ambayo wageni walifika. Jumapili hiyo maji yalifika kifuani kwa Jemima, na watoto wa avenue wakaingia bila kualikwa, kama desturi. Sandrine alikuwa mle ndani na nguo zake, mkono chini ya tumbo la mwanawe. Papa Israël alisogeza kiti ukingoni. Alikuwa na furaha ya kupasuka.

Ndipo Papa Arsène akasimama mlangoni, vifungo vya shati vimekosana.

"Papa Israël, mama ametuacha. Sasa hivi."

Mzee akainuka.

"Koko, kuja uone! Ninaelea!" Jemima akaita.

"Papa, ungoje hata kidogo," Sandrine akasema. "Si batoto wanaanza tu?"

"Ninaona, mama, ninaona," mzee akamjibu mjukuu wake, tayari amegeuza mgongo.

Barabarani, kelele za watoto zikimfuata kutoka nyuma ya ukuta, alijaribu kumkumbuka Georgette ndani ya maji yale, apate cha kumwambia Jemima jioni: mikono yake, kichwa kilicholoa, Jumapili moja tu. Alimkumbuka uani, na kitambaa. Alimkumbuka akijifunga kikwembe cha pili, akitoka kwenye mlango ule ule aliotoka yeye sasa, haraka, akisema anarudi. Ndani ya pisini hakumwona hata mara moja.

Akasimama katikati ya njia, mzee mzima, analia, watu wa toleka wanampita na kengele zao. Kisha akaingia kwa Arsène, akaketi chini pamoja na wengine.