Mashine ya Ua wa Farasi na Barua Niliyoichana

Ile asubuhi naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo niliyoushika ua wa umeme kwa kiganja kizima na usinifanye kitu. Nilipaswa kuruka. Nilipaswa kupiga kelele na kutukana kidogo, kama alivyofanya kila mtu aliyewahi kuugusa ulipokuwa mpya. Badala yake nikabaki nimeushika waya kama mtu anayeshika kamba ya kuanikia nguo, macho yangu yakihesabu farasi kwenye malisho. Walikuwa watatu. Sisi tulikuwa na wanne.

Umeniuliza ununue mashine gani ya sola kwa ajili ya ua wa farasi wako, na umeniletea picha tatu kwenye simu. Nitakujibu. Lakini kunywa chai kwanza, maana jibu langu halimo kwenye picha hizo.

Miaka hiyo ndiyo ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Songea, ambayo kabla yake yalikuwa na chumvi na viberiti tu kwenye rafu, yalianza kujaa redio, baiskeli na sabuni za kila rangi, na kila mtu akawa na mradi. Mwajiri wangu alikuwa Mama Ndunguru, daktari wa mifugo aliyestaafu serikalini. Sisi tulimwita Daktari tu. Alichukua shamba pembeni ya Mshangano, akanunua farasi wanne kutoka shamba moja la chai kule Mufindi ambalo wenyewe walikuwa wanafungasha kuondoka. Watu walimcheka sana. Farasi, Songea! Hawakamuliwi, hawaliwi, na jembe hawalijui. Yeye aliwajibu kwamba ametibu ng'ombe wa watu maisha yake yote, na sasa anataka mnyama wa kumpenda.

Farasi walikuja na mtunzaji wao, Mzee Bakari, Myao wa Nalasi. Aliiacha mikorosho ya baba yake akiwa kijana, akaenda kutafuta kazi kwenye chai, akaishia kwenye mazizi ya farasi mpaka ndevu zikawa nyeupe. Mimi nilikuwa msimamizi wa shamba. Binti wa miaka ishirini na minne, nina cheti cha chuo, na kichwa kimevimba kwa sababu ya hicho cheti. Ukicheka sasa hivi sitakulaumu.

Daktari hakutaka kusikia habari za seng'enge. Farasi akishtuka hukimbia kwanza, kufikiri baadaye, na waya wa miiba humchana vibaya. Alitaka ua wa umeme, ule unaompa mnyama pigo dogo la kumkumbusha mpaka uko wapi, halafu unamwacha. Lakini umeme wa mjini wakati ule ulikuwa wa majenereta, leo upo kesho haupo, na nguzo zake hazikufika kwetu. Kwa hiyo ikawa sola. Mimi nikapewa kazi mbili: kujenga ua, kisha kwenda Dar es Salaam kuchagua mashine.

Ua niliujenga kama tunavyojenga kwetu. Unajua mwenyewe: mtu wa huku hanunui nguzo. Anakata matawi mabichi ya miti ile inayoshika upesi, anayachomeka mvua za kwanza zikianza kunyesha, na mwaka unaofuata ana ua wenye mizizi ambao mchwa hawaugusi. Nikafanya hivyohivyo. Kila nguzo nikaipigilia kikombe cha plastiki, waya usiguse mti, nikapitisha waya wangu juu ya vikombe. Nilijiona fundi. Nguzo zilisimama kama gwaride, na hata majirani walikuja kuangalia.

Kabla sijasafiri Mzee Bakari alinikuta nikikunja nguo. "Binti yangu," alisema, "huo ua uutembee wote kwanza kwa miguu. Ukishautembea ndiyo uende mjini."

"Sawa, babu," nikamjibu, kwa heshima zote. Sikutembea. Nilikuwa na ramani ya shamba aliyoichora Daktari, na urefu nilishaupima kwa rula mezani, nimekaa, na karanga mkononi.

Dukani nilionyeshwa mashine mbili. Moja ilikuwa kama kopo la rangi lililosahauliwa kwenye stoo: nyeusi, nzito, sola yake ya kawaida tu, na inataka betri kubwa ya pembeni, ile unayobeba kwa mikono miwili. Nyingine ilikuwa nzuri, mwanangu. Sola yake pana, inang'aa, na betri yake ndogo imo humohumo ndani. Muuzaji alinieleza kwamba ile nyeusi pigo lake ni zito zaidi na linahimili majani yakigusa waya, na kwamba betri yake itapiga siku nyingi bila jua. Akaniuliza: nguzo zenu ni za nini? Nikasema, za miti. Mvua zenu zikoje? Nikasema, kama za kwingine.

Kama za kwingine! Msichana wa Songea, aliyezaliwa Songea, anayejua kwamba sisi mvua ikianza mwishoni mwa mwaka tunaagana na jua mpaka karibu na Pasaka. Nikachukua ile nzuri. Nilijiambia kwamba sola kubwa ndiyo nguvu kubwa, na ile betri ya pembeni ingenitesa kwenye basi. Ukweli wenyewe ni kwamba nilitaka ing'ae getini, watu wakipita waseme.

Na ilifanya kazi, usidhani ni mbovu. Nguzo zilikuwa bado vijiti vitupu na ardhi ndiyo kwanza imelowa. Farasi waligusa waya kwa ndevu za pua, wakaruka, wakaelewa. Kila wiki nilipima nguvu kwa kile kipimo kidogo cha mkononi, nikaandika kwenye daftari kwamba hali ni nzuri. Nilipima wapi? Getini, hatua kumi kutoka kwenye mashine. Bondeni, ambako ua ulipita kwenye majani marefu, kulikuwa na tope na mimi nilikuwa na viatu vizuri.

Ndipo mvua zikakolea, na zile nguzo zangu zikafanya kile nilichozipandia. Zilichipua. Kila nguzo ilitoa matawi, matawi yakatoa majani, na majani yakalala juu ya waya yakiwa yamelowa. Kila jani bichi lilichota umeme kidogo na kuupeleka ardhini. Mashine ilikuwa inapiga, lakini nguvu yote iliishia njiani, na mawingu hayakuiacha ijaze betri yake ndogo. Kule bondeni ua ulikuwa umekufa kwa siku nyingi, na farasi walijua kabla yangu.

Basi asubuhi ile aliyekosekana alikuwa Tausi, jike la kahawia, mwenye mimba iliyobakiza wiki chache. Tulimkuta nje ya ua, kwenye shamba la jirani yetu Mama Haule, amesimama katikati ya mahindi mabichi aliyoyalalisha chini. Alikuwa amekula mpaka akashindwa. Tumbo limejaa kama ngoma, jasho linamtiririka shingoni, anageuza kichwa kuangalia ubavu wake na kukwaruza ardhi kwa kwato. Mama Haule alikuwa amekuja na jembe begani na maneno mengi mdomoni. Alipomwona yule mnyama, maneno yakamwishia.

"Mlongo wangu," aliniambia, akiniita ndugu kwa Kingoni chake, "huyu anaumwa."

Mzee Bakari alimvalisha kamba ya kichwani, akaanza kumtembeza taratibu, asilale akajibiringisha. "Farasi hatapiki," alisema bila kunitazama. "Alichokula hakirudi. Tumbo lisipofunguka, tunampoteza yeye na mtoto. Mwite Daktari, hima."

Daktari alikuwa Peramiho tangu juzi yake, akimuuguza dada yake. Simu hatukuwa nayo. Njia ilikuwa kuandika barua, kuikimbiza barabarani na kumpa kondakta wa Haisi ya Peramiho, ambaye alimjua kila mtu. Nikaenda kuchukua karatasi. Na hapa, mwanangu, ndipo ninapoona aibu mpaka leo, wala sikufichi.

Sikukimbia. Nilikaa mezani nikafikiri maneno. Nilijiona nafukuzwa kazi, nawasikia watu wa Mshangano wakisema yule binti wa cheti ameua farasi wa Daktari. Nikaandika: "Mashine ya ua imeharibika. Farasi mmoja alitoka kidogo lakini amepatikana. Ukipata nafasi uje." Nikaikunja, nikatoka nayo.

Mzee Bakari akanisimamisha, kamba ya Tausi mkononi. Yeye alisoma Kurani vizuri sana, ila herufi zetu hizi hakufundishwa. "Nisomee," akasema.

"Babu, Haisi itaniacha."

"Nisomee, binti yangu."

Nikasoma. Sauti yangu mwenyewe niliichukia. Akampapasa Tausi shingoni, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mgonjwa yuko wapi humo?"

Nikaitazama tena karatasi.

"Nimesikiliza mpaka mwisho," alisema. "Farasi mgonjwa simwoni. Ninayemwona humo ni wewe, umejificha nyuma ya mashine."

Angenipiga kofi ingekuwa afadhali. Niliichana ile barua palepale, nikaandika nyingine mgongoni mwa Mama Haule, ambaye aliinama bila hata kuombwa: "Daktari, Tausi amekula mahindi mabichi mengi sana. Tumbo limejaa, anatoka jasho, hajatoa choo. Ua ulikufa bondeni kwa sababu nguzo zimechipua na mimi sikukagua. Kosa ni langu. Njoo sasa hivi." Nikakimbia na viatu vyangu vizuri kwenye tope lote la Mshangano, nikaisimamisha Haisi kwa mikono miwili katikati ya barabara.

Niliporudi, tulimtembeza kwa zamu tukisubiri: Mzee Bakari, mimi, hata Mama Haule, aliyekuwa anamsemesha Tausi Kingoni kama anambembeleza mkwewe. Kila nilipoweka sikio ubavuni nikitafuta mngurumo wa tumbo, nilisikia kimya. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilimwomba Mungu afunge kila mlango wa kazi mbele yangu, ila yule mnyama apone.

Jua lilikuwa kichwani Daktari aliposhuka kwenye pikapu ya kukodi, begi lake mkononi. Hakuuliza kitu. Alimpitishia Tausi mpira puani mpaka tumboni, akammiminia mafuta ya kulainisha, akamchoma sindano ya maumivu, akasema, "Endeleeni kumtembeza." Tukaendelea. Alasiri ikaingia. Na ghafla Tausi akasimama, akainua mkia, akatoa choo, na upepo uliotoka nacho nadhani ulisikika mpaka sokoni.

Usicheke, mwanangu. Au cheka, sisi tulicheka. Mzee Bakari alisema, "Alhamdulillah," akakaa chini kwenye majani mabichi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mama Haule alipiga vigelegele. Mimi nililia kwa kelele, kamasi na yote, nikimkumbatia farasi shingoni. Sijawahi kufurahia mavi namna ile, na sidhani kama nitafurahia tena.

Daktari alinawa mikono polepole. Nilijiandaa kufukuzwa. Akaitoa barua yangu mfukoni, akaitazama tena. "Dada yangu alikuwa ndiyo anaanza kula uji," alisema. "Ungeniandikia kwamba mashine imeharibika, ningemaliza kumlisha, nikalala kule, nikaja kesho." Akaikunja. "Kesho ningekuta mzoga. Haya, niambie, mashine ipi ingetufaa?"

Nikamwomba siku mbili kabla ya kumjibu. Siku hizo niliutembea ua wote kwa miguu, kila nguzo, na panga mkononi, kisha nikamjibu: ile nyeusi niliyoiacha dukani. Nilipumua, mwanangu. Nilikuwa nimelowa, nimechubuka, na nimepona kuliko Tausi. Wiki chache baadaye alizaa dume jembamba lenye miguu mirefu kupita akili, na Mzee Bakari akalitilia dua sikioni.

Sasa jibu lako. Weka hiyo simu. Kautembee ua wako, na utembee wakati wa mvua, siyo kiangazi wakati kila kitu kinaonekana kisafi. Hesabu majani yatakayogusa waya, siyo mita peke yake. Kama nguzo zako ni za kuchipua kama zangu, ama uzing'oe uweke kavu, ama ujue utakuwa mtumwa wa panga. Muuzaji usimwulize sola ni pana kiasi gani. Mwulize itapiga siku ngapi mawingu yakitanda, na pigo litabaki na nguvu gani kwenye nguzo ya mwisho kabisa majani yakiwa yamelowa. Pigo limfae farasi, limshtue bila kumtia wazimu. Ile nondo ya ethi, inayounganisha mashine na ardhi, izamishe pale penye unyevu mwaka mzima, na waya uufunge utepe mweupe aone mpaka kabla ya kuugusa. Ukishafunga, pima kule mbali kwenye tope. Getini kila mashine ni nzuri.

Hata hivyo utakosea mahali fulani, kama nilivyokosea mimi na cheti changu. Siku hiyo usikae mezani kutafuta maneno. Sema umefanya nini, na aliyeumia ni nani, uanze na aliyeumia.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuzidishie malisho, awakinge wanyama wako na kila ugonjwa, na akupe ulimi wa kusema "nimekosea" mapema, mgonjwa akiwa bado amesimama.