Upepo wa Nyuma ya Pikapu

Tuliondoka Kisii kwa sababu ya ubishi wa nyumbani. Mke wangu Kwamboka, mwalimu wa hesabu, alisema pikapu yetu inabugia petroli, iuzwe. Ndiyo kazi yangu hiyo, kubebea wafugaji chakula cha ng'ombe. Nikamwomba safari moja, bila mzigo, aone mwenyewe.

Saa moja asubuhi tulijaza tangi, tukashika njia ya Keroka. Nilikuwa nimelaza mlango wa nyuma ili upepo upite. Kila mlima mshale wa petroli ulishuka, na Kwamboka aliutazama kama anayesahihisha mtihani.

Nyansiongo tulipokewa na Mama Kerubo, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye hupanda nyuma na magunia yake.

"Nani alikuambia ufungue huko nyuma?"

"Upepo upite, mama."

"Wewe unakaa mbele. Hii upepo sisi wa kukaa nyuma ndio tunaijua. Panda nyuma, mwalimu aendeshe."

Akafunga mlango, akamwaga pumba kidogo sakafuni. Niliegemea kebini nikingoja zipeperuke kwenda nyuma. Gari lilipokolea mwendo kwenye lami, pumba ziliinuka zikanijia usoni. Upepo ulioruka juu ya kebini ulikuwa unatua karibu na mlango, unajikunja, unarudi mbele. Miaka kumi na miwili nimeuburuta bila kuuona! Nilistaajabu hadi nikasahau kufumba macho.

Tuliporejea, Mama Kerubo akatuazima turubai, tukafunika nyuma yote ili upepo uteleze juu.

"Kaza kabisa. Ikipiga makofi, afadhali uitoe."

Kurudi Kisii, mshale haukushuka sana. Nikaanza kuimba.

"Kurudi ni mteremko," Kwamboka akasema. "Bado hujapita mtihani."

Jumamosi iliyofuata tulipanda tena, tangi limejaa, turubai limekazwa, mwendo uleule. Nyansiongo mshale ulisimama juu ya pale uliposimama safari ya kwanza, kwa upana wa ukucha tu. Kwamboka alishuka, akazunguka gari akivuta kamba moja moja.

"Ni kidogo," alisema.

"Ni kidogo," nikakubali.

"Lakini ni kidogo cha kila siku, Baba Bosibori. Haiuzwi."

Nimebeba watu wengi nyuma ya pikapu hii, na kila mara wakishuka niliwauliza kama wamefika salama. Sikuwahi kuwauliza waliona nini.