Mti wa Baba Juu ya Ghorofa

Utoto wangu ulinuka oili chafu. Mafundi walizipaka mbao oili iliyokwisha kutumika kwenye magari ili zege likikauka lisigandamane nazo, na Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kupigilia masanduku hayo ya mbao ya kumwagia zege, alirudi nayo Kangemi kila jioni kwenye nguo, kwenye nywele na chini ya kucha. Mama alifua mpaka vidole vikambabuka, na bado mashuka yetu yalinuka mjengo. Watu wa rika langu wakikumbuka Nairobi ya miaka ya sitini na sabini, husimulia habari za mijakaranda na barabara tupu. Hongera zao. Mimi nilikulia upande wa pili wa mijakaranda, na nilichokijua ni oili.

Miaka ile jiji lilishikwa na kichaa cha kwenda juu. Kila baada ya muda gazeti lilitangaza kwamba jengo refu kuliko yote nchini sasa ni hili, na lile la juzi, tuliloamriwa tulionee fahari, likasahauliwa kama kiatu kilichobana. Mwalimu wetu alitusimamisha darasani tutaje idadi ya ghorofa, na aliyekosea alichapwa. Wanaume wazima wenye tai walisimama kando ya barabara wakihesabu madirisha kwa kidole, kisha wakagombana: ghorofa iliyo chini ya ardhi inahesabiwa au haihesabiwi? Wengi wao walikuwa wakirudi jioni kwenye chumba kimoja chenye choo cha nje, foleni ya watu kumi, lakini siku nzima wangeringa kwa urefu wa jengo ambalo mlinzi wake asingewaruhusu hata kujikinga mvua. Nilikuwa na miaka tisa na tayari niliwadharau, ingawa nakiri kwamba nami nilihesabu.

Jengo la Baba sitalitaja jina, maana wenyewe wamelibadilisha mara tatu. Nitaliita Ghorofa tu. Baba alilijenga tangu shimo hadi paa. Kila alfajiri alitoka Kangemi kwa miguu, akapita Westlands ya wakati ule, Westlands ya nyua za miiba ya kayaba na mbwa waliofunzwa kuwachukia watembea kwa miguu, akashuka hadi katikati ya jiji. Muda wote huo hakuchukua likizo kwenda nyumbani, Magharibi, na hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Kwetu mdogo hajengi nyumba kabla ya kaka yake. Baba alikuwa kifungua mimba na hakuwa amejenga kwao hata kibanda. Mdogo wake, baba mdogo Eliya, alikuwa na mchumba, na nguzo zilizokwisha kukatwa, na nguvu za kutosha, lakini alikaa tu akimngoja. Mchumba naye alikuwa ameanza kuchoka. Kila barua kutoka nyumbani iliuliza jambo moja, Baba atakuja lini kujenga, na kila mara Baba alijibu kwamba zimebaki ghorofa chache.

Siku zege la mwisho lilipomwagwa, mafundi walichinjiwa mbuzi, kama ilivyo desturi ya mjengo. Mapaja na mbavu vilikwenda kwa wenye kofia nyeupe, yaani wahandisi na wakubwa wa kazi. Mafundi wakapata supu ya kichwa, na hotuba. Baba hakunung'unika, kwa sababu alikuwa na sherehe yake mwenyewe. Kwetu nyumba ya msonge haijaisha mpaka mwenyewe asimamishe mti kileleni mwa paa, utokeze juu ya nyasi. Ukiuona, unajua mwanamume wa nyumba ile yu hai. Akifa, mti hung'olewa. Basi Baba alichonga mti wenye urefu wa mtu, akaupandisha pamoja na mbao zake, akaufunga kwa waya kwenye nondo iliyokuwa imetokeza juu kabisa ya paa. Wenye kofia nyeupe waliuona. Mmoja wao, msomi aliyeletwa kwa ndege kutoka ng'ambo, alidhani ni sehemu ya kazi ya kuzuia radi, akaamuru usiguswe. Baba alilisimulia jambo hilo kila tulipokula, na kila mara alicheka upya.

Mwezi huo huo Kukhu alikuja. Kukhu ndiye nyanya yetu, mama yake Baba, na alikuja Nairobi kwa mara ya kwanza na ya mwisho kumchukua mwanawe akajenge. Baba alidhani atamtuliza kwa kumwonyesha alichokuwa akifanya miaka yote hiyo. Jumapili alitupeleka sote mjini, akamsimamisha Kukhu ng'ambo ya barabara, akamwonyesha Ghorofa kwa mkono wote. Kukhu alikuwa na macho makali kuliko yangu. Alipanda nayo ghorofa kwa ghorofa mpaka akafika juu.

"Yohana," aliuliza, "ule mti umewekwa na nani?"

"Ni mimi, Mama," Baba alijibu, na kifua kikamjaa.

Kukhu akaketi pale pale ukingoni mwa barabara, watu wenye tai wakimkwepa. "Umejifanya mwenye nyumba ya watu," alisema kwa lugha yetu. "Kwako hakuna hata shimo la nguzo, nawe umeweka mti kwenye nyumba ambayo huna hata kigoda ndani yake. Watauondoa, hao. Na siku watakapouondoa, watakuwa wamekuzika ungali unapumua. Nenda kautoe kwa mkono wako mwenyewe, kisha twende nyumbani."

Baba alicheka, lakini kesho yake alikwenda. Hakuingia. Maseremala walikuwa wamekwisha kuachishwa kazi, na jina lake halikuwa tena kwenye orodha ya langoni. Alirudi mara ya pili na ya tatu, kila mara akiwa amepungua kicheko. Akabaki na tumaini moja: siku ya ufunguzi, maana nyapara alikuwa amewaahidi mafundi kwamba siku hiyo watapandishwa kwa lifti waone kazi yao.

Tulikwenda sote, pamoja na Kukhu, aliyekuwa amekataa kuondoka bila mwanawe. Baba alivaa suti yake ya harusi na kuficha koleo ya kukatia waya mfukoni. Palikuwa na bendi, vikundi vya ngoma, na wageni wenye matumbo ya kutosha kujaza lifti wawili wawili. Mlangoni askari alimsukuma Baba kifuani kwa rungu, polepole, kama mtu anayefunga droo.

"Mzee, hii mlango ni ya wageni. Kadi iko wapi?"

"Mimi ni fundi. Mimi ndiye nilijenga hapa."

"Kila mtu leo anasema alijenga. Toka kwa laini, unaharibu picha."

Tulikuwa bado tumesimama pale wakati watu wawili walipotokea juu ya paa na bendera kubwa ya sherehe. Walihitaji mahali pa kuifunga. Mmoja aliushika mti wa Baba, akautikisa mara mbili, akaung'oa na kuutupa upande wa nyuma. Bendera ikapanda, watu wakashangilia. Na hapo Kukhu, mbele ya wakubwa wote wale, aliweka mikono kichwani akapiga ukemi wa msiba, akamlilia mwanawe kwa jina, akienda mbele na kurudi nyuma kama wanavyofanya akina mama kwetu maiti ikiletwa. Wageni waligeuka. Waliona mwanamke mzee mwenye kitambaa kichwani akiimba na kuchezesha miguu, wakadhani ni sehemu ya burudani, wakampigia makofi. Mpiga picha mmoja alimsogelea akamwambia, "Mama, rudia kidogo, haijatoka vizuri." Yule aliyekuwa akililiwa alikuwa amesimama hatua tano kutoka hapo, katika suti yake. Nami niliona haya. Si kwa ajili yao. Nilimwonea haya Kukhu, nikajificha nyuma ya Mama. Wale wageni niliwadharau baadaye, kwa miaka mingi na kwa ukamilifu, lakini siku ile nilikuwa mmoja wao, na sijajisamehe.

Baba alizunguka nyuma ya jengo, akaupata mti wake kwenye lundo la vifusi, waya ungali umeuzunguka. Aliubeba begani hadi Kangemi, akitokwa na machozi mchana kweupe, akipita kando ya nyua zile za kayaba. Wiki ile ile aliondoka na Kukhu. Alijenga nyumba ya msonge wakati wenzake wote walikuwa wakiezeka mabati, akausimamisha kileleni mti ule ule. Eliya alijenga baada yake na akaoa, ingawa si yule mchumba wa kwanza. Baba hakugusa tena jengo refu. Alitengeneza vitanda na milango huko nyumbani hadi uzee, na alipofariki, Eliya mwenyewe alipanda akaung'oa mti. Niliomba niushike. Mvua za miaka yote ile hazikuwa zimeuosha, bado ulinuka oili.

Siku hizi naishi Parklands, ghorofa ya saba, na dirisha langu linatazama Westlands, ambako kayaba imeng'olewa na majengo ya vioo yanashindana. Ujinga ni ule ule, ila sasa wanadanganya waziwazi: jengo likizidiwa na jirani, huchomekwa mlingoti wa chuma juu, mlingoti nao ukahesabiwa. Uliza ni la nani, mlinzi atakutajia kampuni. Iulize kampuni, itakutajia kampuni nyingine. Mwezi uliopita nilipita kwenye Ghorofa. Limebanwa na majengo marefu hata huwezi kuliona ukiwa mbali, na lifti ambayo Baba hakupanda haifanyi kazi. Nilisimama pale alipoketi Kukhu, nikapanda kwa macho mpaka juu. Hapakuwa na kitu. Kwetu, nyumba iliyong'olewa mti ni nyumba ya marehemu, nami niliwatazama waliokuwa wakitoka kazini, wenye tai, mmoja mmoja, nikaona kwamba Kukhu alikosea jambo moja tu. Aliyezikwa siku ile hakuwa Baba.