Nani Alinitundika Ukutani na Aproni Yenye Kiraka?

Nilijiona ukutani mwa kanisa nimevaa aproni yenye kiraka.

Sisemi kwenye kioo. Nasema mimi, Eustolia Barrientos, mjane wa miaka hamsini na tisa, nimechorwa kwa rangi kwenye kipande cha bati. Nimesimama kwenye dirisha la nyumba yangu, na ule ufa wa ukutani uko palepale ulipo hadi leo. Mchoraji hakusahau hata ufa.

Chini ya picha kulikuwa na maandishi. Mstari wa kwanza ulisema: "Eustolia Barrientos, mwanamke asiye na kitu ila dirisha."

Mistari mingine haikuonekana. Bati kubwa la mtu aliyeshukuru ng'ombe wake kupona lilikuwa limepigiliwa juu yake.

Damu ilinipanda. Mkononi nilikuwa na rozari, lakini Mungu anisamehe, macho yangu yalikuwa yanatafuta nyundo.

Kwetu, mtu akitendewa jema kubwa huenda kwa mchoraji na kumsimulia. Mchoraji huchora tukio lote kwenye bati, na mtu yule hulitundika kwenye chumba cha pembeni cha kanisa, kumshukuru Mama wa Huruma. Humo utaona malori yaliyopinduka, watoto waliotolewa visimani, vijana waliovuka mpaka wa kaskazini wakafika wazima.

Sijawahi kuona bati la kumcheka mtu. Na la kwanza likawa langu!

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda na shida yangu. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi Bwana Arnulfo wa mikopo angekuja nyumbani na karatasi zake, nami ningeweka nyumba yangu rehani. Nilikwenda kumwomba Mama wa Huruma mkono wangu usitetemeke wakati wa kutia sahihi.

Mkopo wa nini? Niseme ukweli, maana nimeapa kuusema wote.

Wa kumkomoa Obdulia.

Obdulia tulikaa naye mtaa mmoja, milango inatazamana. Alikuwa na watoto sita na viatu pea tatu. Halafu ghafla akafungua mgahawa pale uwanjani. Viti vyekundu, feni, televisheni kubwa kama mlango. Akahama mtaa. Kila nilipopita pale na ndoo yangu ya unga, tumbo lilikuwa linaniungua.

Mimi nauza gordita, ile mikate minene ya mahindi unayoipasua tumbo na kujaza maharage na pilipili. Zamani nilikuwa nauza dirishani kwangu. Dirisha lenyewe alilitoboa marehemu mume wangu, Crescencio, ambaye alikuwa fundi mwashi. Alijenga na kizingiti kipana cha kuwekea sahani, akakipaka bluu.

Crescencio alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na tabia moja iliyonitoa roho. Kuna kipindi mikate yangu ilikuwa inapotea. Nikienda misa ya alfajiri naacha nimehesabu. Nikirudi imepungua saba. Kila siku saba.

"Crescencio, mikate iko wapi?"

"Paka."

"Paka gani anakula gordita saba zenye pilipili?"

"Paka wa Meksiko, mke wangu."

Nilimgombeza miezi mitatu mfululizo. Nilimwita mlafi mbele ya watu. Yeye anacheka tu.

Alipofariki nikalifunga lile dirisha. Nikasema kuuza dirishani ni umaskini, na Obdulia ana viti vyekundu. Nikapanga kibanda sokoni ili na mimi nionekane mfanyabiashara. Kodi ikawa inakula nusu ya mauzo, wa mkokoteni naye anataka chake kila asubuhi, na miaka minne ikapita nikiwa nalala nimenuna na kuamka nimenuna. Kwenye rozari nilikuwa naomba tu. Hata siku moja sikukumbuka kusema asante.

Sasa mtu anayejua yote hayo kanitundika kanisani.

"Petra!" nikaita. Petra ndiye anayetunza kanisa. "Nani kaweka hili?"

"Lipi?"

"Hili lenye mimi!"

Akalitazama bati, akanitazama mimi. "Umependeza."

"Usinitanie, Petra."

"Mama, mwezi uliopita tulipaka chokaa, tukayashusha yote tukayarudisha. Yako elfu tatu. Nimuulize Mama wa Huruma lipi la nani?"

"Basi lishushe."

"Silishushi. Bati hushushwa na aliyelitundika. Na sauti yako punguza, hapa si sokoni."

Nikatoka mbio hadi kwa Mzee Fidencio, mchoraji. Alikuwa ameinama juu ya bati jipya, anachora mguu uliovunjika.

"Ule ni mkono wako, mzee. Dirisha, aproni, na kile kiraka!"

"Ahaa, lile. Nilikuchora mwembamba. Ungenishukuru."

"Nani alikulipa?"

"Eustolia, mimi napokea siri nyingi kuliko padri. Na padri anasamehe bure. Mimi nalipwa, kwa hiyo lazima ninyamaze zaidi yake."

"Basi ni mtu anayenichukia."

Akaacha brashi. "Umesoma hadi chini?"

"Nimesoma yanayotosha!"

"Nenda kasome yaliyobaki, ndipo uje kunitukana. Nipo, siendi popote."

Sikwenda kusoma. Mtu mwenye hasira hasomi. Nilijua ni nani. Nani mwingine aliujua ule ufa na kile kiraka, kama si aliyekaa mlango wa mbele yangu?

Nikaingia mgahawani kwa Obdulia saa ya chakula cha mchana. Watu wanakula, feni inazunguka. Nikasimama katikati ya vile viti vyekundu.

"Obdulia! Toka nje!"

Akatoka jikoni, mikono imelowa. "Dada Eustolia? Kuna msiba?"

"Msiba ni wewe! Kunichora nimevaa viraka, ukanitundika mbele ya Mama wa Mungu! Una viti, una feni, una televisheni. Umaskini wangu unakuuma nini?"

Mzee mmoja akaacha kijiko hewani. Mwingine akasema, "Hebu punguzeni televisheni tusikie."

Obdulia akashtuka. "Nani kakwambia ni mimi?"

"Kwa hiyo ni wewe!"

"Ni mimi. Mwaka wa saba sasa." Akavuta kiti. "Kaa."

"Sikai kwenye viti vyako!"

"Hata mimi sikai kwa raha, dada, maana si vyangu." Akashusha sauti. "Ni vya Arnulfo. Feni yake, televisheni yake. Miaka yote hii namlipa yeye, sijilipi mimi. Nimeshindwa. Ijumaa wanakuja kuvibeba."

Sikuamini. Nilidhani ananipiga chenga.

"Usinibadilishie maneno. Lile bati!"

"Ulitaka nifanye nini? Mume wangu alipopotea kaskazini, mimi na wanangu sita tungekufa njaa. Ulitupa mikate miezi mitatu. Kila alfajiri, saba. Ningekushukuruje?"

Saba.

Nikakaa. Kwenye kiti chekundu cha Arnulfo.

"Nani alikupa?" nikauliza.

"Shemeji Crescencio, dirishani. Alisema, 'Eustolia amesema uchukue, yeye yuko misa.' Nikamwambia nataka kuja kukushukuru. Akanikataza kabisa. 'Ukimshukuru atakasirika, hapendi kutajiwa mema yake.' Ndipo nikaenda kwa Mzee Fidencio."

Jamani, nyie mnaosoma. Nilikasirika tangu utosini hadi kwenye nyayo, na sikujua nimkasirikie nani.

Nilimkasirikia marehemu. Kwa nini hakuniambia? Halafu nikajiuliza, angeniambia ningefanya nini? Ningepiga hesabu. Ningesema saba ni nyingi, mpe tatu. Alinijua. Akachagua kuitwa mlafi.

Tukaenda kanisani pamoja. Obdulia akainua pembe ya bati la ng'ombe, nami nikasoma yaliyobaki:

"Eustolia Barrientos, mwanamke asiye na kitu ila dirisha, alitulisha watu saba kupitia dirisha hilo. Hakuandika deni. Hakujisifu. Mama wa Huruma, mlindie dirisha lake."

Mlindie dirisha lake. Na mimi nililipigilia misumari kwa mkono wangu.

Ningeweza kunyamaza pale, nikabaki mtakatifu wa bati. Lakini Mama wa Huruma alikuwa ananitazama toka kwenye wingu ambalo Fidencio alikuwa amemchora juu yake, kwenye kona ya bati.

"Obdulia, sikukupa mimi. Sikujua. Nilimgombeza miezi mitatu kwa ajili ya mikate hiyo. Aliniambia inaliwa na paka."

Obdulia akanikodolea macho. "Paka?"

"Paka wa Meksiko."

Akacheka hadi akashika ukuta. Halafu kicheko kikageuka kilio, nami nikalia naye. Petra akaja kutunyamazisha, akaishia kutuletea viti.

Obdulia alipojifuta machozi akaniambia neno moja: "Usitie sahihi."

Alhamisi niliamka kabla ya jogoo. Sikwenda sokoni. Nikang'oa misumari ya dirisha kwa koleo la marehemu. Bawaba zilikuwa zimeshika kutu, nikazisukuma kwa nyonga, mwili mzima, huku nikijitukana. Miaka minne! Dirisha linatazama ngazi ambazo mtaa mzima hupanda kwenda kituo cha basi, na mimi nalipa kodi kwenda kuwatafuta watu walewale upande wa pili wa mji!

Saa mbili asubuhi unga ulikuwa umekwisha. Nikakanda mwingine.

Saa nne akaja Bwana Arnulfo, shati limepigwa pasi, kalamu mkononi.

"Mama Eustolia! Leo ndiyo leo. Sahihi yako hapa, na hapa."

"Rudisha kalamu mfukoni."

"Mama, nafasi kama hii hairudi."

"Ndiyo maana naiacha iende."

Akatabasamu kwa meno tu. "Mwenzako Obdulia alithubutu, akapata mgahawa uwanjani."

"Na kesho unakwenda kumnyang'anya viti! Unaniona mjinga, eti? Mnapita mtaani mkitazama nani anamwonea wivu nani, halafu mnamkopesha. Mimi ulinisoma usoni. Nilikuwa nimeiva."

Watu kwenye foleni wakaguna. Mmoja akasema, "Mpe vidonge vyake, mama."

Arnulfo akakunja karatasi, uso mwekundu. "Haya. Basi utabaki huna kitu ila dirisha."

Mtu yule hakujua alichokisema.

"Unataka gordita za maharage au za majani ya mpungate?" nikamuuliza.

Njaa haina kiburi. Alichukua mbili. Nilimtoza bei kamili.

Ijumaa viti vyekundu vilibebwa kwenye lori, uwanja mzima ukitazama. Jumatatu alfajiri Obdulia akagonga mlango wangu, amejifunga kitambaa kichwani, kiburi hana tena na mimi sina. Nikampa unga akande. Ana mkono mzuri kuliko wangu, na hilo nalo lilinikasirisha siku mbili tatu.

Kibanda cha sokoni nilikirudisha. Kile nilichokuwa nampa mwenye kibanda na wa mkokoteni nikaanza kukiweka kwenye kopo la kahawa. Kabla ya mvua kuanza nilikuwa nimebadilisha mabati ya paa, kwa fedha taslimu, bila kumpigia mtu magoti. Dawa ya tumbo niliyokuwa nameza kila usiku sijui hata iko wapi. Nalala.

Sasa nisikilizeni, hasa wewe unayesoma haya huku ukipima sebule ya jirani kwa macho. Sikuhubirii ukae tu na shida zako useme asante. Fanya kazi, tena sana. Lakini anza kwa kutaja kwa sauti vitu ulivyo navyo, kimoja kimoja, kama unavyotaja mafumbo ya rozari. Mimi ningetaja mapema ningelifikia dirisha siku ya kwanza. Asiyeshukuru haoni alicho nacho, na asichokiona hawezi kukitumia. Atakikodi kwa mtu mwingine.

Na kama una mtu ndani anakupunguzia mikate, muulize vizuri kabla hajafa.

Bado nina hasira, siwadanganyi. Nikipita makaburini namwambia, "Crescencio, ungenisemesha." Halafu namwambia asante, kwa sababu hilo sikumwambia alipokuwa na masikio.

Nilirudi kwa Mzee Fidencio kuagiza bati langu mwenyewe. Nikamwambia achore dirisha, na mwanamume anatoa mikate, na mwanamke anatoka misa amekunja uso.

"Nikuchore mwembamba tena?" akauliza.

"Nichore nilivyo. Na ufa usiusahau."

Ufa wenyewe sijauziba. Fedha ninayo, lakini ukutani kanisani upo, na nyumbani nataka ubaki.

Kila alfajiri kabla sijafungua dirisha natoa gordita saba na kuziweka pembeni, kwa yeyote atakayekuja hana kitu. Juzi Obdulia alinikuta nazihesabu, akaniuliza kwa kejeli nitaandika zimekwenda wapi.

Nikamwambia zimeliwa na paka.