Wa Tatu, Mwaka wa Nafasi Moja

Kabla mambo hayajageuka, mtu mwenye miguu mizuri pale Bariadi hakukosa kazi. Ushirika ulikuwa na timu yake ya riadha, kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa na yake, na majeshi ndiyo usiseme. Mahona aliajiriwa na ushirika mwaka 1986 kama mpima pamba, lakini kila mtu alijua hakuchukuliwa kwa ajili ya mizani. Alichukuliwa kwa sababu alikimbia mita elfu kumi bila kuonekana anahema. Yakikaribia mashindano makubwa alipewa ruhusa ya miezi miwili. Mshahara uliingia kama kawaida, maziwa na mayai yalikuwa juu ya ushirika, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuipiga barabara ya Maswa asubuhi na jioni.

Aliyemfundisha ni Josia, bwana michezo wa ushirika, mtu wa daftari. Humo aliandika kila Olimpiki: nani alikwenda, alitoka timu gani ya kazini, alirudi na nini. Mwaka 1976 palikuwa na neno moja, "Tulisusa." Mwaka 1980, Moscow, medali mbili za fedha, zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Kuanzia hapo, Los Angeles, Seoul, Barcelona, safu ya medali ilikuwa nyeupe. Wapiga soga wa sokoni walisema wakimbiaji wa siku hizi ni wavivu. Upuuzi mtupu, na wengi wao hawakuwahi kukimbia hata kuikwepa mvua. Josia alikuwa na maelezo yake.

"Msitazame medali," alikuwa akisema. "Tazameni hapa, mtu katoka wapi. Kila mwajiri anayevunja timu yake, kuna watu kumi hawatafika hata kwenye majaribio. Sasa hao wavivu mnawaona wapi?"

Halafu ikaja ruksa ya biashara huria. Wanunuzi binafsi waliingia na magari yao na mizani yao, ushirika ukafikwa na maji ya shingo. Idara ya michezo ilikatwa kwanza, kisha wapimaji. Mwanzoni mwa 1996 Mahona alipunguzwa kazi, akafunga virago akarudi kijijini kulima. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mke wake Mektilda, binti yao Anna, na jozi moja ya viatu vya mbio. Alikuwa pia na jambo moja kichwani: mwezi wa nne kungekuwa na majaribio ya kanda mjini Mwanza, kuingia kambi ya timu ya kwenda Atlanta. Kwa mkimbiaji wa mita elfu kumi asiye na mwajiri, wa umri wake, hakukuwa na mara nyingine. Alilijua hilo, na mkewe alilijua.

Akajikaza. Alikimbia alfajiri kabla ya kushika jembe, alikunywa maziwa ya kwake mwenyewe. Wiki ya majaribio alikwenda kwa Jilala, kamanda wa sungusungu, kuomba ruhusa. Huko kwao ukipigwa mwano, ule ukelele wa kutangaza kwamba ng'ombe wameibwa, kila mwanaume hushika upinde na kufuata nyayo. Asiyekwenda hutengwa, hata moto wa kuwashia jiko hapewi.

"Nenda kapumzike," Jilala alimwambia. "Wiki hii hata ukisikia mwano, wewe kaa. Tumekuruhusu."

Alhamisi mchana mwano ukapigwa, na ulitoka kwa Nyanjige, mama mkwe wake, mjane. Ng'ombe kumi na wawili walikuwa wameswagwa malishoni. Mahona aliwajua mmoja mmoja, kwa sababu ni yeye aliyewapeleka, ndiyo mahari ya Mektilda. Alikaa kizingitini akiwatazama wenzake wakipita mbio na mishale. Hakuna aliyemlaumu. Mektilda mwenyewe alimwambia, "Kaa, Baba Anna. Umeruhusiwa."

Hakuweza. Damu ilimchemka, na aibu nayo ilikuwepo, tusifichane. Akajiambia atafika mtoni tu. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa mjini asingelifanya: aliviacha viatu vya mbio nyumbani visije vikachakaa, akavaa katambuga, viatu vya tairi la gari.

Alipofika mtoni, nyayo zilikuwa mbichi. Wenzake walianza kuchoka, mmoja baada ya mwingine, wakawa wanamwambia tangulia, sisi tunakuja. Alitangulia mpaka karibu na Lingeka, huko Meatu, na giza lilipoingia ni yeye na watu wawili tu waliokuwa bado wanakimbia. Wezi walipoona wamefikiwa waliwaacha ng'ombe wakatokomea. Wote kumi na wawili walipatikana. Visigino vya Mahona vilikuwa vimechunwa na tairi mpaka nyama nyekundu.

Jumamosi alipanda lori la mahindi hadi Mwanza, Jumapili akakimbia. Kwa mizunguko ishirini aliongoza. Kisha ngozi ya kisigino cha kulia ikabanduka yote, wawili wakampita, na wa mwisho kati yao alimpita hatua chache kabla ya mstari. Hakuumia sana moyoni, kwa sababu tangu enzi za ushirika alijua watatu wa kwanza huitwa kambini. Ndipo msimamizi akasoma karatasi. Fedha hakuna, alisema, mwaka huu kila kanda imepewa nafasi moja.

Jumatatu jioni alikuwa amekaa nje, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, akamwona Nyanjige anakuja. Mama mkwe na mkwewe wa kiume huko hawasogeleani, neno lao hupitia kwa binti. Lakini siku hiyo alipita moja kwa moja, akasimama mbele yake.

"Mwadila, mayu," Mahona alimwamkia, macho chini.

"Mwadila. Nasikia umekuwa wa tatu."

"Wa tatu, mayu."

"Miaka ile ya ushirika, wa tatu alikuwa anakwenda?"

"Alikuwa anakwenda."

Nyanjige aliitazama ile miguu ndani ya beseni. "Basi afadhali wangepotea," alisema. "Ng'ombe wote. Afadhali wangepotea."

Kwa Msukuma, tena mjane, kutamka hivyo juu ya ng'ombe kumi na wawili si jambo dogo. Mahona alitaka kumwambia asiseme hivyo. Akalia mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo mwanaume wa kwao hafanyi. Na Nyanjige, badala ya kugeuka aende zake kama adabu inavyotaka, aliketi chini palepale, akamngoja amalize.