Nilivyoomba Makofi Msibani

Aibu nyingine mtu anakaa nayo kimya mpaka anazeeka, lakini hii yangu darasa zima liliiona, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla rafiki yangu Zuhura hajaitia chumvi.

Nilikuwa kidato cha tatu Nachingwea, na mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Nandonde, alitupangia ziara ya kuzijua jamii zinazotuzunguka, maana alisema tunakaa dawati moja Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua na hatujui lolote la nyumbani kwa wenzetu. Asubuhi tulikuwa Lionja kwa familia ya Wamakonde ambao babu yao alihamia kutoka Msumbiji, wakatulisha mihogo ya kuchemsha na korosho, na mimi ndiye niliyetoa neno la shukrani, nikasifiwa (hapo ndipo kichwa kilipoanza kunivimba). Mchana tukaelekea Ruangwa, upande wa mto Mbwemkuru, ambako mzee mmoja wa Kimwera, Mzee Mnali, aliahidi kutuonyesha maisha ya kwao na ngoma kidogo.

Kabla hatujafika kijijini gari likazama kwenye mchanga. Mwalimu akabaki na wavulana kusukuma, akaniambia, "Skola, tangulieni wasichana, ulizieni kwa Mzee Mnali, tutawakuta."

Alisema tuulizie! Njiani tukamkuta mama anapepeta ufuta, Zuhura akataka kumuuliza, nikamvuta mkono, kwa sababu mbele nilishaona turubai, watu wamejaa mikekani, masufuria makubwa yanafuka, nikamwambia, "Tuulize nini na wenzetu wametuandalia hivi?"

Tukaingia, tukaamkia, mzee mmoja akatuitikia taratibu, "Karibuni, wanafunzi. Semeni neno lenu." (Kumbe alidhani shule imetutuma kutoa pole.) Mimi huyo, nikasogea katikati, nikakohoa kidogo kama mgeni rasmi, nikaanza.

"Wazee wetu, tumefurahi sana kuiona siku hii. Tumeisubiri kwa hamu. Tunaomba jambo hili lisiishie leo, liwe linafanyika kila mwaka. Wenzangu, makofi kwa wenyeji wetu!"

Wakapiga, jamani, na waliokuwa nyuma wakaongeza vigelegele, na mimi nikamalizia kwa tabasamu kwamba sasa tunaomba ngoma ianze.

Badala ya ngoma, watu wote wakageuka kututazama. Zuhura akaninong'oneza, "Skola, wale kina mama wanalia. Huu ni msiba." Baba mmoja akasimama, akatunyooshea kidole, "Nyie watoto, jana tumemzika mzee wetu, leo mnakuja kutucheza shere?" Nikarudi nyuma nikitafuta pa kukimbilia, kisigino kikakumba ndoo ya maji ya kunawa, maji yote yakaenda kwenye mkeka wa wazee. Nikabaki nimesimama nalia.

Ndipo akanyanyuka mama mmoja kutoka kwa wanawake, khanga kichwani, macho mekundu. Alikuwa Mama Shaibu, binti wa marehemu mwenyewe. Nikajua napigwa.

"Wewe mtoto, ukoo wenu nani?"

"Ngonyani, mama."

"Mngoni?"

"Ndiyo, mama."

Akaweka mikono kiunoni, akawageukia watu. "Sasa mnakasirika nini? Mtani huyu! Si ndiyo kazi yao Wangoni, kuja kutuchekea tukifiwa?"

Yule mzee aliyetukaribisha akaanza kucheka, kisha wa pili, kisha mkeka mzima uliolowa. (Utani wa Wangoni na Wamwera niliwahi kuusikia kwa baba, kwamba mtani ana ruhusa ya kufanya vituko hata msibani, nikadhani ni mambo ya zamani.) Mama Shaibu akanisogelea sikioni. "Futa machozi. Mtani halii. Haya, wajibu hawa watu."

Nikajifuta machozi, nikasema kwa sauti, "Nimekuja kuangalia kama Wamwera mnajua kusonga ugali!"

"Haya, mpeni mwiko!" wakaitikia kina mama, na baba aliyetaka kutufukuza naye akacheka huku akijifuta uso.

Mwalimu Nandonde alipofika alinikuta kwenye moshi, nasonga ugali wa msiba kwa mikono miwili, wenzangu wanachota maji, na Mzee Mnali wetu yuko pale pale mkekani amelowa (alijaribu kuipigia simu ya mwalimu tangu jana kuahirisha ziara, haikupatikana). Mwalimu aliposikia kisa akashika kichwa, akaanza kuomba radhi kwa kila mtu. Mama Shaibu akamkatiza. "Usimwadhibu, mwalimu. Tangu baba alale sikuwa nimecheka."

Neno hilo sijui niliweke wapi mpaka leo. Mwenye uchungu kuliko wote pale ndiye aliyeacha machozi yake akaja kunifunika mimi, mtoto asiyemjua. Nilijiapia kwamba mahali nisipopajua nitauliza kwanza, nikae, nisikilize, na hotuba nitatoa nikiombwa, tena nikiombwa mara mbili.

Msimu wa korosho uliopita nilirudi peke yangu kumshukuru, nimembebea sukari na sabuni. Alikuwa uani anaanika korosho, akanyanyua macho, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Mtani," akasema, "leo umekuja kumzika nani?"